Vyama Vilivyofuga Siasa Kali: Rwanda, 1991 hadi 1994

Chama chochote kikubwa cha siasa hukusanya watu wa kila namna. Wapole wamo na wakali wamo, wenye subira wamo na wenye pupa wamo, na mivutano kati yao ndiyo maisha ya kawaida ya chama. Hatari huanza pale kundi moja ndani ya chama linapohubiri kwamba sehemu ya raia si raia, au linapotumia rungu kutafuta kile ambacho hoja imeshindwa kukipata, na viongozi wanaojua kuwa hayo ni makosa wakaamua kunyamaza. Mwanazuoni Juan Linz, katika kitabu chake cha 1978 kuhusu kuanguka kwa demokrasia, aliwagawa wanasiasa katika mafungu matatu: walio waaminifu kwa utaratibu wa kidemokrasia, maadui wake wa wazi, na wale wa katikati, ambao kwa maneno ni wanademokrasia lakini kwa vitendo huwavumilia maadui hao, huwatafutia udhuru na kushirikiana nao wanapoona faida. Fungu hili la tatu lina uzito mkubwa, kwa sababu maadui wa wazi peke yao kwa kawaida huwa wachache mno kuiangusha nchi.

Mfano unaoonyesha jambo hili kwa uchungu kuliko mingine katika Afrika Mashariki na Kati ni vyama vya Rwanda kati ya 1991 na 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yanajulikana kwa idadi ya waliokufa: Umoja wa Mataifa hutaja watu wasiopungua 800,000, na serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya milioni moja, katika muda wa siku mia moja hivi. Historia ya vyama iliyotangulia maafa hayo haisimuliwi mara nyingi, na inastahili kusimuliwa. Serikali iliyosimamia mauaji ilikuwa na mawaziri kutoka vyama vitano, vikiwemo vinne vilivyoanzishwa kuupinga utawala wa chama kimoja. Haikuchukua hata miaka mitatu vyama hivyo kufika hapo.

Hadi 1991 Rwanda ilikuwa na chama kimoja tu, MRND, kilichoundwa na Juvénal Habyarimana mwaka 1975, miaka miwili baada ya kutwaa madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi. Kila Mnyarwanda alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Nguvu halisi ilikuwa mikononi mwa watu wa kaskazini, hasa wa mikoa ya Gisenyi na Ruhengeri, na ndani yao kulikuwa na kundi dogo la ndugu na jamaa wa mke wa rais ambalo wananchi waliliita akazu. Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa kundi la waasi la FPR, wengi wao watoto wa wakimbizi wa Kitutsi, waliingia nchini kutoka Uganda na vita vikaanza. Wakati huohuo bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka, na wafadhili pamoja na wasomi wa ndani walikuwa wakidai mageuzi. Juni 1991 katiba mpya ikaruhusu vyama vingi.

Vilivyojitokeza na kupata nguvu vilikuwa vinne. MDR kilikuwa mrithi wa Parmehutu, chama cha rais wa kwanza, Grégoire Kayibanda, na ngome yake ilikuwa Gitarama. PSD kilikuwa cha wasomi na watumishi wa serikali, chenye mizizi kusini, hasa Butare. PL kilikuwa na wafanyabiashara wengi, na Watutsi wengi walijiunga nacho. PDC kilikuwa chama kidogo cha Wakristo. Uhasama wa vyama hivi na MRND ulikuwa wa kweli. Watu wa Gitarama hawakusahau kwamba Kayibanda alipinduliwa mwaka 1973 na akafa 1976 akiwa amezuiliwa nyumbani kwake. Kwao Habyarimana alikuwa mtu wa kaskazini aliyewapora nchi. Hivyo katika mwaka wa kwanza wa vyama vingi mstari mkuu wa mgawanyiko ulipita kati ya kusini na kaskazini, na kati ya wapinzani na watawala. Ukabila ulikuwepo, lakini haukuwa ndio unaotawala kila hoja.

Aprili 1992, baada ya maandamano makubwa, Habyarimana alilazimika kukubali serikali ya mseto. Dismas Nsengiyaremye wa MDR akawa waziri mkuu, na Agathe Uwilingiyimana, mwalimu wa kemia kutoka chama hichohicho, akapewa wizara ya elimu. Mazungumzo na FPR yalianza Arusha Julai mwaka huo, Tanzania ikiwa mwezeshaji chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, na Balozi Ami Mpungwe akiyasimamia kwa karibu. Mtu aliyeitazama Rwanda katikati ya 1992 angeweza kuamini kwamba nchi inaelekea kutoka vitani.

MRND ilianza kufuga wakali mapema. Machi 1992 wanasiasa kadhaa waliojitenga na chama hicho walianzisha CDR, chama kilichotangaza waziwazi kwamba kinatetea Wahutu peke yao na kwamba kugawana madaraka na FPR ni usaliti. Kwa sura ya nje CDR ilikuwa mpinzani wa MRND, na mara nyingine ilimshambulia Habyarimana mwenyewe kwa ukali. Kwa vitendo ilisema kwa sauti yale ambayo wengi ndani ya MRND waliyasema chumbani. Mpangilio huo uliwafaa wote wawili. Rais angeweza kuwaambia mabalozi kwamba yeye ni mtu wa wastani anayebanwa na wenye hasira, huku wenye hasira wakiendelea kupokea mishahara ya serikali. Jean-Bosco Barayagwiza, mmoja wa waasisi wa CDR, alikuwa mkurugenzi katika wizara ya mambo ya nje.

Halafu kulikuwa na vijana. Kila chama kikubwa kilikuwa na tawi la vijana: Interahamwe wa MRND, Impuzamugambi wa CDR, Inkuba wa MDR, Abakombozi wa PSD. Hapa wapinzani nao hawana mikono safi. Katika 1991 na 1992 vijana wa MDR walizunguka vijijini wakifanya kile walichokiita kubohoza, yaani kuwakomboa watu kutoka MRND kwa nguvu. Ofisi zilivamiwa, maofisa wa serikali za mitaa walifukuzwa, kadi za chama zilichanwa, na waliokataa kuhama walipigwa. Viongozi wa upinzani waliliona jambo hilo kuwa hasira halali ya wananchi dhidi ya udikteta, wakaliacha liendelee kwa sababu liliwaletea wanachama. Huo ulikuwa uvumilivu wa kwanza, na ulizoesha nchi nzima kuona fujo ya vijana kuwa sehemu ya siasa. MRND ilijibu kwa Interahamwe, na hao walikuwa na fedha zaidi, ulinzi wa dola, na kuanzia 1992 mafunzo ya kijeshi. Vijana wa MDR waliokuwa wakigombana na Interahamwe mwaka 1992 wangesimama nao kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994.

Novemba 1992 ilionyesha jinsi ukali unavyopanda ngazi. Tarehe 15 Habyarimana, akihutubia Ruhengeri, aliyaita makubaliano ya kusitisha vita yaliyosainiwa Arusha karatasi tu. Wiki moja baadaye, tarehe 22, Léon Mugesera, makamu mwenyekiti wa MRND katika mkoa wa Gisenyi, alihutubia mkutano Kabaya, akawaambia wasikilizaji kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Kila aliyesikia alielewa kwamba mtu aliye hai hasafirishwi kwa mto ule. Waziri wa sheria, Stanislas Mbonampeka wa PL, alitoa hati ya kumkamata. MRND haikumfukuza Mugesera wala kumkana, na jeshi lilimpa hifadhi hadi akatorokea Kanada. Mbonampeka akajiuzulu. Ingechukua hadi Januari 2012 kwa Kanada kumrudisha Mugesera Rwanda, na hadi 2016 kwa mahakama ya Kigali kumhukumu kifungo cha maisha.

Yaliyompata Mbonampeka baadaye yanatisha kuliko hotuba yenyewe. Waziri huyo aliyethubutu kutoa hati aliishia katika mrengo mkali wa chama chake mwenyewe. Ugeukaji wa aina hiyo, wa mtu mmoja mmoja, ulirudiwa mara nyingi katika miezi iliyofuata. Aliyepinga mara moja na kuona hakuna anayemfuata alijifunza kwamba kupinga hakulipi, na kwamba waliokaa upande wa pili hawapati adhabu yoyote.

Ndani ya MRND pia walikuwepo waliojaribu. James Gasana, waziri wa ulinzi kuanzia Aprili 1992, aliwastaafisha maofisa kadhaa wenye msimamo mkali na akajaribu kuzuia ugawaji wa silaha kwa raia. Mwanzoni mwa 1993 kundi la siri la wanajeshi lililojiita AMASASU lilianza kutoa vitisho, na Julai mwaka huo Gasana alikimbilia Ulaya na familia yake. Chama chake hakikumlinda. Ikumbukwe kwamba chama hicho kilikuwa na rais, jeshi na idara ya usalama; kisingizio cha kukosa nguvu hakikuwepo.

Mkasa mkubwa zaidi ni wa MDR, kwa kuwa hicho ndicho chama ambacho kingeweza kuizuia hali isiende ilikokwenda. Kilipoanzishwa upya mwaka 1991, waasisi wake waliliacha jina la Parmehutu na kukubali wanachama wa makabila yote. Lakini hawakufanya kazi ya kuachana na fikra za Parmehutu. Wazee wengi wa Gitarama na Ruhengeri walijiunga wakiamini kwamba chama cha 1959, kile cha mapinduzi ya Wahutu, kimerudi kama kilivyokuwa. Viongozi waliuhitaji umati huo kuishinda MRND kwenye kura, kwa hiyo kila upande uliachiwa kuamini ulichotaka. Faustin Twagiramungu, mwenyekiti, na mkwe wa Kayibanda, alizungumza lugha ya mageuzi mjini Kigali, na makada wake walizungumza lugha nyingine vijijini.

Kifuniko hicho kilianza kufunuka Februari 1993. Mwezi uliotangulia Watutsi wapatao mia kadhaa walikuwa wameuawa kaskazini-magharibi, na FPR, ikitaja mauaji hayo kuwa sababu, ilivunja usitishaji vita na kusonga mbele hadi karibu na Kigali. Katika mapigano hayo FPR nayo ilishutumiwa kuua raia. Watu karibu milioni moja walikuwa wakimbizi ndani ya nchi yao, wakiishi chini ya maturubai kandokando ya mji mkuu. Hoja ya wapinzani kwamba FPR ni mshirika anayeweza kuaminika ilipata pigo kubwa. Mwishoni mwa mwezi huo wajumbe wa vyama vya upinzani walikuwa Bujumbura wakiandaa tamko la pamoja na FPR. Siku hizohizo wanachama wengine wa vyama hivyohivyo walikuwa Kigali, katika mkutano ulioitishwa na Habyarimana, wakiandaa tamko lililoilaani FPR na kumuunga mkono rais. Vyama vilivyojitokeza mbele ya umma kama vyama vinne tayari vilikuwa vinane. Hakuna aliyefukuzwa kwa kwenda Kigali.

Julai 1993 Twagiramungu alimpendekeza Uwilingiyimana awe waziri mkuu badala ya Nsengiyaremye, bila kuishawishi kamati yake ya siasa. Akateuliwa, akawa mwanamke wa kwanza na wa pekee hadi leo kushika wadhifa huo nchini Rwanda. Wakali wa MDR waliitumia hasira iliyotokana na uamuzi huo. Tarehe 23 na 24 Julai mkutano mkuu wa chama uliofanyika Kabusunzu, Kigali, ulimfukuza Twagiramungu pamoja na waziri mkuu mpya, na ukamteua mtu wao kuwa mgombea wa uwaziri mkuu: Jean Kambanda, mtaalamu wa benki kutoka Butare. Utaratibu wa chama ulitumika kikamilifu. Wajumbe waliitwa, ajenda ilisomwa, kura zilipigwa. Kundi lililokuwa likivumiliwa kwa ajili ya umoja wa chama halikuona haja ya kuwavumilia wengine lilipokuwa na wingi.

Mkataba wa Arusha ulisainiwa tarehe 4 Agosti 1993, na ndani yake Twagiramungu alitajwa kwa jina kuwa waziri mkuu wa serikali ya mpito. Kwa sheria ya kimataifa alikuwa kiongozi ajaye wa Rwanda. Ndani ya chama chake alikuwa ameshafukuzwa. Wizara 21 ziligawanywa: MRND tano, FPR tano, MDR nne, PSD tatu, PL tatu, PDC moja. Mgawanyo huo ulisimama juu ya dhana kwamba kila chama ni kitu kimoja. Kwa kuwa MDR na PL zilishapasuka, kila mrengo ukadai kuwa ndio chama halali unaostahili viti, na ugomvi wa orodha za majina ukawa sababu ya kuchelewesha serikali ya mpito mwezi baada ya mwezi.

Kisha ikaja habari kutoka Burundi. Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais wa nchi hiyo, aliuawa na wanajeshi wa Kitutsi tarehe 21 Oktoba 1993, miezi isiyozidi mitano baada ya ushindi wake. Hakuna tukio lililowapa wakali wa Rwanda silaha kubwa kama hilo. Tarehe 23 Oktoba, katika uwanja wa Nyamirambo, mkutano wa vyama mchanganyiko ulifanyika, na Froduald Karamira, mfanyabiashara wa Gitarama na makamu mwenyekiti wa MDR, alipanda jukwaani. Aliwataka Wahutu wote waungane dhidi ya adui aliye kati yao, kisha akataja vyama kimoja baada ya kingine, na umati ukaitikia kila jina kwa neno Power: MRND Power, MDR Power, CDR Power, hata Interahamwe Power. Miaka miwili kabla, mtu wa MDR kutoka Gitarama asingeweza kuitaja MRND kwenye mkutano ila kwa kuilaani. Siku ile uhasama wa kusini na kaskazini, wa Kayibanda na Habyarimana, ulizikwa, na uadui mwingine ukawekwa mahali pake.

PL ilipasuka kwa namna hiyohiyo, mrengo mmoja ukiwa chini ya Justin Mugenzi na mwingine chini ya Landoald Ndasingwa, Mtutsi na waziri wa kazi. (Mugenzi alishtakiwa baadaye katika mahakama ya kimataifa ya Arusha, na mwaka 2013 mahakama ya rufaa ilimwachia huru.) PSD ndiyo iliyojikaza zaidi. Viongozi wake watatu wakuu walikataa wito wa Power na chama kikabaki kimoja kwa sehemu kubwa. Gharama yake ilikuwa damu. Félicien Gatabazi, katibu mtendaji na mtu mwenye mvuto kuliko wote katika upinzani, alipigwa risasi karibu na nyumba yake tarehe 21 Februari 1994. Siku iliyofuata wafuasi wake karibu na Butare walimuua Martin Bucyana, rais wa CDR. Hata chama kilichokataa siasa kali hakikuwa kimewafundisha vijana wake kukataa kulipiza kisasi.

Redio nayo ilikuwa imeshaingia. RTLM ilianza kutangaza Julai 1993 ikiwa kampuni binafsi, na Habyarimana alikuwa miongoni mwa wanahisa wake. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi, alikuwa ameondolewa kwenye uongozi wa idara ya habari ya serikali baada ya Radio Rwanda kutangaza taarifa ya uongo iliyochochea mauaji ya Watutsi wa Bugesera Machi 1992. Waziri wa habari, Faustin Rucogoza wa MDR, aliwaita wakuu wa RTLM mara mbili, Novemba 1993 na Februari 1994, akawaonya kwamba matangazo yao yanavunja makubaliano na sheria. Alikuwa na haki ya kisheria ya kuwaonya, na hakuwa na askari hata mmoja wa kumsaidia kuitekeleza.

Miezi ya mwisho ilipotea katika mabishano juu ya kiti kimoja. CDR ilikuwa imekataa kusaini kanuni za maadili ya siasa zilizowekwa Arusha, na kwa hiyo haikuwa na haki ya kuingia bunge la mpito. Mwanzoni mwa 1994 ilidai kiti chake, na Habyarimana akasimama upande wake. FPR ikakataa katakata. Mabalozi wengi, waliochoka na ucheleweshaji, waliona ni bora CDR iingizwe ndani kuliko kuachwa nje ikifanya fujo. Hoja hiyo husikika katika kila nchi yenye tatizo kama hili: mkali akipewa kiti atapoa. Kwa Rwanda haikuwa na mashiko, kwa sababu CDR ilikuwa tayari ndani: ilikuwa ndani ya wizara, ndani ya jeshi, ndani ya redio, na ndani ya mirengo ya vyama vingine vyote. Alama ya kiti bungeni ingeongeza uhalali tu.

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyomrudisha Habyarimana kutoka mkutano wa Dar es Salaam, akiwa pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Kulipopambazuka wauaji walikuwa na orodha, na waliotangulia kutafutwa walikuwa wanasiasa wa upinzani waliokataa Power. Uwilingiyimana aliuawa asubuhi ya tarehe 7, na wanajeshi kumi wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa waliokuwa wametumwa kumlinda wakauawa pia. Siku hiyohiyo waliuawa Ndasingwa wa PL, Rucogoza wa MDR, Frédéric Nzamurambaho, mwenyekiti wa PSD, na Joseph Kavaruganda, rais wa mahakama ya katiba. Twagiramungu alinusurika kwa kujificha na kuokolewa na askari wa Umoja wa Mataifa.

Baada ya hapo Kanali Théoneste Bagosora wa wizara ya ulinzi aliwaita viongozi wa vyama waunde serikali. Walioitika walikuwa wa mirengo ya Power, kwa kuwa wengine walikuwa wamekufa au wamejificha. Tarehe 9 Aprili Jean Kambanda, chaguo la mkutano wa Kabusunzu, aliapishwa kuwa waziri mkuu. Kila chama kilichokuwamo katika serikali ya mseto ya 1992 kilipata wizara zake. Serikali hiyo iliweza kudai mbele ya dunia kwamba ni serikali ya vyama vingi, na kwa karatasi dai hilo lilikuwa la kweli.

Jinsi urithi huu wa vyama ulivyofanya kazi mashinani huonekana vizuri katika wilaya ya Taba, mkoani Gitarama. Mkuu wa wilaya hiyo, Jean-Paul Akayesu, alikuwa mwalimu aliyepata kuwa mkaguzi wa shule, na mwenyekiti wa MDR wa eneo lake. Kwa zaidi ya wiki moja alizuia Interahamwe wasiue watu wake, na mahakama baadaye ilikubali kwamba alifanya hivyo. Tarehe 18 Aprili Kambanda na mawaziri wake walikutana na wakuu wa wilaya wa Gitarama, wengi wao wakiwa wa MDR na PSD, na kuwaonyesha wazi kwamba hakutakuwa na msaada kwa anayezuia mauaji. Akayesu aliondoka pale akiwa mtu mwingine. Takriban Watutsi 2,000 waliuawa Taba. Tarehe 2 Septemba 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokaa Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya aina hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa. Kama chama chake kingekuwa na uongozi wa taifa unaosimama upande wa wenye kuzuia, Akayesu angekuwa na mtu wa kumtegemea. Hilo halimwondolei hatia yake hata chembe, ila linaonyesha jinsi maamuzi ya mkutano mkuu yanavyoshuka hadi kwenye mlango wa mwanakijiji.

Siku mbili baada ya hukumu hiyo Kambanda, aliyekuwa amekiri makosa Mei mwaka huo, alihukumiwa kifungo cha maisha. Karamira alihukumiwa na mahakama ya Rwanda na kupigwa risasi hadharani Kigali tarehe 24 Aprili 1998. Mwenyekiti wa MRND, Matthieu Ngirumpatse, na makamu wake, Édouard Karemera, walihukumiwa maisha Desemba 2011. Utetezi wao ulidai kwamba Interahamwe hawakuwa chini ya amri ya chama. Majaji waliukataa. Waliona kwamba viongozi hao walikuwa na uwezo juu ya vijana hao na hawakuutumia kuwazuia wala kuwaadhibu.

Kwamba njia nyingine ipo, hilo linathibitishwa na chama cha wahafidhina wa Uswidi katika miaka ya 1933 na 1934. Tawi lake la vijana, lenye maelfu ya wanachama, lilivutiwa na Wanazi wa Ujerumani na kuanza kuvaa sare na kuunda vikosi. Chini ya Arvid Lindman chama kililikata tawi hilo lote. Wabunge wachache waliowafuata vijana wakaunda kikundi chao, na katika uchaguzi wa 1936 hawakupata hata kiti kimoja. Wahafidhina wenyewe nao walipoteza viti, na walijua wakati wa kukata kwamba huenda watavipoteza. Hali ya Rwanda ilikuwa ngumu zaidi kwa mbali: kulikuwa na vita, umaskini na maofisa wenye bunduki wasioogopa kuua. Lakini mwaka 1991, kabla ya bunduki kuingia ndani ya vyama, gharama ya kuachana na kubohoza ingekuwa kura tu. Mwaka 1993 ilikuwa kazi na usalama. Mwaka 1994 ilikuwa uhai, na wachache walioilipa waliilipa kwa bei hiyo.

Baada ya FPR kushinda vita Julai 1994, MRND na CDR zilizuiwa kushiriki siasa. MDR iliachwa, na Twagiramungu akawa waziri mkuu kama mkataba ulivyotaka, hadi alipoondoka Agosti 1995. Aprili 2003 bunge lilipendekeza chama hicho kivunjwe kwa madai ya kueneza mgawanyiko wa kikabila, na katiba ya mwaka huo ikapiga marufuku chama chochote kujijenga juu ya kabila, ukoo au eneo. Mashirika ya haki za binadamu, likiwemo Human Rights Watch, lililokuwa limechunguza mauaji ya kimbari kwa kina, yalipinga uamuzi wa kuivunja MDR. Yalisema shutuma za mgawanyiko zilitolewa bila ushahidi wa kutosha na zilikuwa njia ya kuuondoa upinzani kabla ya uchaguzi. Twagiramungu aligombea urais Agosti 2003 akiwa mgombea binafsi, akapata chini ya asilimia nne ya kura.